Shajara ya mradi: kuvuka Steinernes Meer mwishoni mwa Septemba

Mradi ni huu: watu watatu, siku nne, kwa miguu, kuvuka Steinernes Meer, uwanda wa mawe katika milima ya Berchtesgaden kusini-mashariki mwa Ujerumani, mpakani na Austria. Tunalala kwenye vibanda vya mlimani na hatutumii gari. Mimi naishi Munich, shemeji yangu yuko Augsburg, na mpwa wangu anasomea uuguzi Rosenheim. Mpwa aliwahi kuwa mpagazi Kilimanjaro, kwa hiyo milima anaijua kuliko sisi wawili. Naandika kila hatua inapokamilika ili Mswahili mwingine aliyeko huku, mwenye hamu ya kutembea milimani majani yakigeuka rangi, asianze na karatasi tupu.

9 Februari: Kalenda kabla ya ramani

Wazo la kwanza lilikuwa wiki ya kwanza ya Novemba, kwa kuwa ndiyo likizo aliyopangiwa mpwa. Lilikufa siku ileile. Riemannhaus na Ingolstädter Haus, vibanda viwili vilivyo juu ya mita 2,100, hufungwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kutegemea theluji. Kärlingerhaus, ambacho kiko chini kidogo, huendelea hadi katikati ya Oktoba hivi. Baada ya hapo hakuna mhudumu, hakuna chakula, na kinachobaki ni chumba cha dharura cha majira ya baridi.

Tatizo la pili ni mwanga. Sisi tumezoea jua linalozama karibu saa ileile mwaka mzima. Huku, mwezi Juni unaweza kutembea hadi saa tatu usiku bila taa. Mwishoni mwa Septemba giza linaingia baada ya saa moja. Mwanzoni mwa Novemba, saa zikisharudishwa nyuma, jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Safari ya saa saba ambayo kiangazi ni ya kawaida, Novemba inakula mchana wote.

Tukajaribu tarehe 3 Oktoba, sikukuu ya muungano wa Ujerumani. Nusu ya Bavaria ina wazo hilohilo. Kwa hiyo tumekubaliana Jumatatu hadi Alhamisi, wiki ya nne ya Septemba. Kuna faida ya ziada: wakati huo Oktoberfest, tamasha kubwa la bia la Munich, inakuwa imeanza, na wikendi treni za kuingia na kutoka Munich hujaa mno. Jumatatu asubuhi, kuelekea milimani, kuna nafasi.

Gharama ya uamuzi huu ameibeba mpwa peke yake: amebadilishana zamu na mwenzake, naye atafanya kazi Krismasi.

2 Machi: Hema limekataliwa

Shemeji alipendekeza tubebe hema ili tupunguze gharama. Eneo lote upande wa Ujerumani ni Hifadhi ya Taifa ya Berchtesgaden, iliyoanzishwa mwaka 1978, na kupiga hema humo ni marufuku. Hata lisingekuwa marufuku, nisingekubali. Kärlingerhaus kiko kando ya ziwa dogo la Funtensee, mahali penye baridi kali kuliko pote Ujerumani. Tarehe 24 Desemba 2001 kipimajoto cha pale kilisoma nyuzi 45.9 chini ya sifuri. Ziwa liko chini ya shimo lililozungukwa na milima pande zote. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi ambayo ni nzito hushuka na kujikusanya humo, na haina pa kutokea. Dalili yake inaonekana kwa macho: miti imeota juu kwenye miteremko, lakini chini kabisa kando ya maji haipo, kinyume cha ilivyo milimani kwingine. Hata Septemba, usiku ukiwa na nyota, asubuhi unaweza kukuta sakitu kwenye nyasi na mawe yanayoteleza.

26 Aprili: Vitanda

Vibanda hivi si vijumba. Ni majengo makubwa yenye jiko, ukumbi wa kulia na vyumba, na vingi ni mali ya matawi ya klabu ya Alps ya Ujerumani, DAV. Kuweka nafasi hufanyika mtandaoni kwa malipo kidogo ya awali. Tumechukua chumba cha pamoja chenye magodoro yaliyopangwa mstari, ambacho ndicho cha bei nafuu.

Mpango wa leo: usiku wa kwanza Kärlingerhaus, wa pili Riemannhaus, wa tatu Ingolstädter Haus, na siku ya nne kushuka moja kwa moja hadi Wimbachbrücke kwenye basi. Wimbachgrieshütte, kibanda cha chini kwenye njia ya kutokea, tutapita kula tu.

Jambo la kuzingatia kwa atakayeiga: Wimbachgrieshütte si cha DAV. Ni cha Naturfreunde, shirika jingine kabisa, kwa hiyo usidhani kila kibanda kina masharti na punguzo lilelile. Soma ukurasa wa kila kimoja.

14 Juni: Milango ya kutokea

Wiki hii nimekaa na ramani ya klabu ya Alps namba 10/1, kipimo cha 1:25,000, nikijiuliza swali moja kwa kila kibanda: tukiamka na kukuta theluji, tunatokea wapi?

Swali hilo si la woga. Katikati ya Septemba 2024 theluji nzito iliangukia Alps za mashariki, wiki nzima kabla ya vuli ya kalenda kuanza. Na Steinernes Meer ni uwanda wa mawe ya chokaa, wenye mashimo, nyufa na vijibonde visivyo na mpangilio. Njia inaonyeshwa kwa alama za rangi nyekundu zilizopakwa kwenye mawe na kwa marundo madogo ya mawe. Theluji ikifika kifundo cha mguu, alama zimefunikwa na nyufa pia. Ukungu ukiongezeka juu yake, kila upande unafanana.

Majibu niliyopata:

Kutoka Kärlingerhaus unarudi ulikotoka, kwa njia ya Saugasse hadi kituo cha boti cha St. Bartholomä. Njia ni nzuri, lakini inaishia kwenye ziwa Königssee na hakuna barabara. Ni lazima uwahi boti, na boti za vuli huacha kutembea mapema kuliko za kiangazi. Kuna njia nyingine ya kushukia Salet, kituo kingine cha boti, kupitia ukuta wa mwamba wa Sagereckwand, ila ni kali na ina sehemu zilizo wazi upande wa korongo. Tumeifuta.

Kutoka Ingolstädter Haus kuna njia ya kushuka upande wa Austria, kupita bwawa la Diesbach hadi Weißbach. Hii ndiyo bora kuliko zote.

Kutoka Riemannhaus njia fupi ni Ramseider Steig, kuelekea kijiji cha Maria Alm, Austria. Kwenye ramani inavutia kwa ufupi wake, na ndiyo maana nilikuwa nimeihesabu kama mlango wetu wa dharura. Kumbe imechongwa kwenye mwamba, ina ngazi na nyaya za kushikilia. Siku kavu ni njia ya kawaida kwa mtembezi makini. Ikiwa na barafu, si njia ya dharura hata kidogo. Yaani siku ambayo tungeihitaji ndiyo siku ambayo isingetufaa. Nimewaandikia wenzangu. Tumeacha mpango kama ulivyo kwa sasa, lakini Riemannhaus ina alama ya kuuliza.

19 Julai: Viatu vya shemeji

Shemeji alinunua viatu vya mlimani vilivyotumika, kampuni nzuri, ngozi safi, euro 45. Muuzaji alisema vimevaliwa mara chache na kukaa kabatini miaka mingi. Alivijaribu kwenye matembezi mafupi kando ya mto Lech. Ndani ya saa moja soli ya mguu wa kulia ilianza kufunguka kisiginoni. Alipoivuta, tabaka la kati, lile laini lililo kati ya soli na ngozi, lilimomonyoka mkononi kama kashata ya zamani. Ya kushoto ilifuata kabla hajafika nyumbani.

Chanzo si gundi mbaya. Tabaka lile ni la plastiki iitwayo poliurethani, ambayo unyevu wa hewa huivunja taratibu hata kama kiatu hakivaliwi. Kiatu kinachotembea kila mwaka kinaweza kudumu kuliko kilicholala kabatini. Kwa nje huwezi kuona chochote. Unachoweza kufanya ni kubonyeza tabaka hilo kwa kucha: likiwa na nyufa ndogondogo au likiacha unga, kiache. Uliza pia mwaka wa kutengenezwa, usiridhike na jibu la mara ngapi vimevaliwa.

Fundi aliyekwenda kumwona alitaka karibu euro 90 kubadilisha soli zote mbili. Shemeji ameamua kununua vipya, euro 170, na anavivaa kila siku kwenda kazini ili vimzoee. Jumla iliyotumika miguuni mwake: euro 215. Angeanza na vipya angeokoa 45, na tunashukuru soli zilikatika kandokando ya mto, si mita 2,100 juu.

16 Agosti: Jaribio la Heimgarten na Herzogstand

Tumekwenda na mizigo kamili kwenye milima hii miwili juu ya ziwa Walchensee, Heimgarten mita 1,790 na Herzogstand mita 1,731, iliyounganishwa na ukingo mwembamba. Siku hii moja imebadilisha mpango kuliko miezi yote ya kukaa mezani.

Kwanza uzito. Kabla ya kupanda tulipima mashanta kwa mizani ya mkononi. Langu lilikuwa kilo 13.5, la shemeji 14, la mpwa 8. Mpwa hakusema kitu mpaka mapumziko ya kwanza, kisha akaniomba nimwage vyote kwenye nyasi.

"Mjomba, hii suruali ya jinzi utaivaa lini?"

"Jioni, kibandani."

"Na hii betri kubwa?"

"Ya simu."

"Simu tatu, betri moja inatosha. Tugawane."

Alitupangia upya kwa namna alivyofundishwa kazini kwake zamani: vizito vikae kati ya mabega, vimegusana na mgongo. Vyepesi vikae chini, na unachokihitaji mvua ikianza kiwe juu kabisa. Kilimanjaro kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, na alisema kule tatizo halikuwa kilo tu, lilikuwa mzigo unaocheza. Baada ya hapo nilitembea mtu mwingine. Nyumbani nimepunguza hadi kilo 9, maji yakiwemo.

Pili, koti la mvua. Mimi nilikuwa na lile shuka la plastiki la kujitupia, la euro 8. Kwenye ukingo upepo ulilinyanyua likanifunika uso, na kulia kwangu palikuwa na mteremko. Shemeji alinishika shanta kwa nyuma mpaka nikalivua. Shuka la aina hiyo lifae msituni au mjini, kwenye ukingo lisipande kabisa. Nimenunua koti lenye kofia ya kukaza, euro 95 kwenye punguzo, na ndani ya shanta naweka mfuko mzito wa takataka unaotunza nguo kavu. Mfuko huo wa senti chache umefanya kazi vizuri kuliko kifuniko cha shanta cha shemeji, ambacho upepo ulikichukua moja kwa moja.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mwendo. Vibao vya njano vya njiani vinaandika muda wa kutembea bila mapumziko. Tulirekodi kila kipande, na kwa wastani tulichukua muda wa kibao na theluthi moja zaidi. Sasa tazama siku ya nne ya mpango wa Aprili. Ingolstädter Haus hadi Wimbachgrieshütte ni kama saa nne na nusu za kibao, kisha mbili na nusu hadi Wimbachbrücke. Jumla saba. Kwa mwendo wetu ni zaidi ya tisa, bila chakula, bila kupumzisha magoti, na nyingi ni za kushuka. Ukiondoka saa moja na nusu asubuhi unafika jua likikaribia kuzama, ikiwa hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo Riemannhaus imetoka. Hesabu ya muda na hesabu ya milango ya kutokea zimeelekeza mahali pamoja. Mpango mpya:

Siku ya kwanza, boti hadi St. Bartholomä, mita 604, kisha Saugasse hadi Kärlingerhaus, mita 1,638. Saa nne za kibao, kwetu tano na ushee.

Siku ya pili, Kärlingerhaus hadi Ingolstädter Haus, mita 2,119, moja kwa moja juu ya uwanda. Ni siku fupi kwa makusudi. Hali ikiwa safi na miguu ikiwa na nguvu, tutaacha mizigo kibandani na kupanda Großer Hundstod, karibu mita 2,600.

Siku ya tatu, kupita mapito ya mlimani ya Hundstodgatterl na Trischübel hadi Wimbachgrieshütte, mita 1,327.

Siku ya nne, asubuhi tu, kushuka bonde la Wimbach. Bonde lote limejaa kifusi cha kokoto nyeupe kinachosogea polepole kutoka milimani, na mwisho wake ni kituo cha basi.

Tumefuta Riemannhaus mapema, hasara ni malipo ya awali tu. Wimbachgrieshütte imepatikana bila shida kwa kuwa ni katikati ya wiki.

1 Septemba: Uanachama kwa nusu bei

Tulisubiri tarehe hii kwa makusudi. Anayejiunga na DAV kuanzia Septemba hulipa nusu ya ada ya mwaka. Mimi na shemeji tumelipa karibu euro 100 kwa pamoja. Mpwa yuko kundi la vijana, amelipa chini zaidi.

Faida ya kitandani ni ndogo: mwanachama hulala kwa euro kumi na kitu pungufu kila usiku kwenye vibanda vya klabu. Faida yenyewe hasa ni bima ya uokoaji inayokuja na kadi. Helikopta ikikufuata mlimani si lazima bima yako ya kawaida ya afya ilipe, hasa kama hukuumia bali umekwama tu, na upande wa Austria ndio kabisa. Anayetoka nyumbani kwa ziara fupi asome masharti ya bima aliyoombea viza kabla ya kupanda. Nyingine zinaondoa michezo ya milimani.

Karatasi za kubeba: pasipoti na kibali cha ukaazi, vyote halisi, si picha ya simu. Ingolstädter Haus iko Austria. Juu kule hakuna kituo cha ukaguzi, lakini treni za upande wa Freilassing hukaguliwa na polisi mara kwa mara, na nisingependa mpwa ashushwe kwenye treni kwa sababu ya kadi aliyoiacha kwenye droo.

13 Septemba: Chakula, maji, fedha na masharti ya kughairi

Sote watatu hatuli nguruwe wala hatunywi pombe. Vyakula vya vibandani vimejaa vyote viwili, hata pale usipotazamia: supu ya maandazi ya unga inaweza kuwa na vipande vya nyama ya kukaushwa, na zabibu za Kaiserschmarrn, chapati tamu iliyokatwakatwa, mara nyingine hulowekwa kwenye ramu. Nimeandikia kila kibanda mapema, kwa Kijerumani kifupi: watu watatu, chakula cha mboga, bila nyama yoyote, bila pombe kwenye vitamu. Ukisubiri kusema mezani unapewa kilichobaki. Njiani tutakula tende, karanga, mayai ya kuchemsha na chapati alizoahidi kupika dada yangu.

Maji: uwanda wa chokaa hauna vijito, maana mvua hupotelea kwenye nyufa. Kila mtu atoke kibandani na lita mbili. Bafu la moto tusilitegemee.

Fedha taslimu: kila mtu euro 200. Nimekadiria karibu 160 kwa kulala, chakula cha jioni na cha asubuhi, 20 kwa boti ya kwenda, na zilizobaki ni akiba. Treni na mabasi tunatumia tiketi zetu za mwezi za Deutschlandticket.

Boti yenyewe ni ya umeme. Ziwa la Königssee halijaruhusu moshi wa injini tangu boti za umeme zilipoanza mwaka 1909. Njiani mabaharia husimamisha boti mbele ya ukuta wa mwamba na kupuliza tarumbeta ili abiria wasikie mwangwi. Na tukibahatika na tarehe, ng'ombe wa malisho ya kiangazi nao hurudishwa nyumbani kwa boti bapa, kwa kuwa hakuna njia nyingine. Mpwa ameomba tusiikose hiyo, ila siwezi kumwahidi.

Masharti ya kughairi tumeyaandika sasa, wakati hakuna aliyefunga shanta, kwa sababu Jumapili jioni kila mtu atataka kwenda:

Ijumaa tunasoma utabiri wa mlimani. Theluji ikitarajiwa kushuka chini ya mita 2,000 wakati wowote hadi Jumatano, hatuvuki uwanda. Badala yake tunaingia bonde la Wimbach kutoka chini, tunalala Wimbachgrieshütte na kurudi njia ileile.

Tukiwa Kärlingerhaus, tunamuuliza mhudumu hali ya njia ya juu. Akisema hapana, tunarudi kwenye boti ya mapema. Hakuna kura.

Tukiwa Ingolstädter Haus na hali ikaharibika, tunashuka kwa bwawa la Diesbach, hata kama tutatumia siku nzima kurudi Ujerumani kwa mabasi.

Mmoja akisema arudi, wote tunarudi.

Nakala ya njia, majina ya vibanda na namba zao nimemwachia dada. Sehemu kubwa ya safari hakuna mtandao, kwa hiyo ukimya wetu mchana asiuhesabu. Tusipompigia Alhamisi ifikapo saa tatu usiku, aanze na Wimbachgrieshütte, kisha apige 112. Sisi wenyewe kila mmoja ana filimbi na taa ya kichwa, na tumekubaliana ishara ya dharura ya Alps: mara sita kwa dakika, kimya dakika moja, kisha tena. Anayeijibu hujibu mara tatu kwa dakika.

Kilichobaki: kupakua ramani kwenye simu zote, shemeji kununua soksi za sufu, na mimi kufuata ufunguo wa kabati la stoo uliko, maana fimbo zangu za kutembelea ziko humo. Utabiri wa Ijumaa nitauandika hapa hapa.